Mabomba Tumboni mwa Ndege

Marahaba, mjukuu wangu Salimu. Sisi huku Msambweni tu wazima, alhamdulillahi. Bibi yako anapukuchua mahindi huku akichungulia ninachokuandikia.

Umeniuliza utavifichaje vishimo vilivyoachwa na kiwanda ndani ya tundu la magurudumu la ndege yako ya plastiki ya kuunganisha, mahali msasa haufiki. Yangu, niliyopewa na mgeni wa hoteli kule Diani, ilikuwa navyo vilevile. Nilichukua nyuzi za shaba za redio mbovu, nikazikunja kama mabomba, nikazigundisha juu ya vishimo hivyo na kupaka rangi. Kisha nikampelekea babake bibi yako, fundi wa ndege pale Ukunda, kabla sijatuma wazee kuposa.

Mabawa niliyoyang'arisha wiki nzima hata hakuyatazama. Aliipindua tumbo juu.

"Ndege halisi ya aina hii haina mabomba hapa. Haya yanaficha nini?"

"Makovu ya kiwandani, mzee," nilisema.

Alicheka hadi kofia ikamwanguka. "Wenzako wote waliokuja hapa kumtaka binti yangu walisema hawana kasoro. Tuma wazee wako."

Basi tia waya, babu, lakini ukiulizwa sema. Bibi yako anauliza zile kasoro zangu nyingine nilizifunika kwa mabomba gani, maana yeye aliziona baada ya harusi.

Akupendaye,
Babu yako