Zoezi la Kinu Kitupu

Loisi uko?

Si nipo Mlali kwa bibi, na ile programu yangu ya mazoezi ya nyumbani? Leo zamu ya mikono. Vyuma sina, nikashika mchi nikawa natwanga kinu kitupu. Kitupu, Loisi!

Bibi akatoka ndani mbio. "Mama, wameshalala, acha kutwanga!"

MAMA. Ananiita mimi mama!

Nikamwambia bibi, napunguza tumbo tu.

Akasema njaa ya enzi za Mwingereza mama yake alitwanga kinu kitupu hivyohivyo, watoto wasinzie wakidhani chakula kinakuja. Mdogo wake bibi, Yoramu, alisinzia, hakuamka.

Diet basi. Nimesonga ugali.

Bibi kala nusu. Nusu kaifunika, anasema ya Yoramu.