Ng'ombe Mahali pa Nguruwe

Kikwajuni, Unguja

Dada yangu Tatu,

Shikamoo. Itikia marahaba sasa hivi, maana ukishasoma mbele huenda ukaghairi. Mgongo unasemaje? Na lile bati la jikoni linalovuja, mwanao Sudi ameshalipanda au bado anaahidi? Sisi huku wazima. Mimi nimeongezeka tumbo nikapungua nywele, kwa hiyo kwa jumla niko pale pale. Wifi yako Zuhura hajambo. Bibi harusi wetu Rehema naye hajambo, ila hali chakula, anasema gauni limeshashonwa.

Najua unashangaa kupata barua ya mkono wakati simu ipo. Simu nimeijaribu mara tatu, Dada. Kila ukipokea unaanza kwa kucheka, nami nikisikia kile kicheko nageuka mtu wa kuulizia mvua za Ujiji. Karatasi haicheki.

Lipo jambo inakupasa ulijue kabla hujapanda treni kuja harusini. Lakini sina budi kuanza na nguruwe. Usiitupe barua, nivumilie.

Unaikumbuka ile picha niliyomtumia Sudi, ya mlango mdogo wenye sanamu kumi, ukaitembeza mtaa mzima ukisema, "Oneni kazi ya ndugu yangu"? Mlango ule ni wa Bi Hansa. Ni mama wa Kihindi, mjane, nyumba yake iko kichochoroni nyuma ya karakana yetu hapa Mji Mkongwe. Madirisha yake namtengenezea mimi tangu nilipofika huku. Kila Divali huniletea sahani ya ladu, nami kila Idi nampelekea visheti, na kila mmoja humwambia mwenzake kwamba sukari imezidi.

Ndani kwake ana kabati la ibada aliloachiwa na babu yake. Kwenye mlango wa kabati hilo zilichongwa sura kumi za Vishnu. Wao wanasema mungu wao huyo, kila dunia inapoharibika, hushuka kwa sura inayoifaa kazi ya siku hiyo. Mara samaki, mara kasa, mara nusu mtu nusu simba, mara mbilikimo, mara mwenye upinde, mara mwenye filimbi. Wa kumi bado hajaja, anangojwa juu ya farasi mweupe. Basi mchwa wakaingia, wakaula mlango na miungu yake. Bi Hansa akaniita.

"Mrisho, nchongee mwingine kama huu huu. Usizidishe, usipunguze."

"Bi, hata babu yako akirudi hatajua kama si ule wake."

Karakanani kwetu tunachonga maua, minyororo na mitende. Sura za viumbe, wengi wetu hawazitii mkononi. Wenzangu wakanitania, "Mrisho kawa fundi wa miungu!" Nikawajibu kwamba ibada ni ya jirani, langu mimi ni patasi na nyundo. Nilijiona mtu wa kifua kipana sana. Kifua chenyewe kikafika mpaka sanamu ya tatu.

Ya tatu ni nguruwe.

Patasi iligoma, Dada. Mchwa walikuwa wameshamla pua, lakini yale meno mawili yaliyochomoza mdomoni yalikuwepo, yananitazama. Nikanywa chai. Nikaenda Darajani kununua msasa nisiouhitaji. Nikarudi, nguruwe yuko vile vile. Sasa mtu wa kawaida angevuka kichochoro akasema, "Bi, hili siliwezi." Mimi si mtu wa kawaida, mimi hufikiri. Nikafikiri: hawa si wanamheshimu ng'ombe? Nguruwe wa nini? Pengine hata yule fundi wa zamani alikosea. Basi nikachonga ng'ombe. Tena ng'ombe wa haja, ana nundu, ana pembe kama mwezi mwandamo. Ndiye uliyemsifu wewe kuliko wote, ukasema amefanana na wale wa mjomba.

Nikaupeleka mlango asubuhi, nimevaa kanzu kama ninayekwenda kupewa zawadi. Macho ya Bi Hansa, Dada, yameingia ukungu. Haoni vizuri, nami nikasahau kwamba husoma kwa vidole. Akauweka mlango mapajani, akaanza kuupapasa.

"Samaki. Salama. Kasa. Salama." Kidole kikafika sanamu ya tatu, kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaja tena. "Huyu ana pembe."

"Naam, Bi."

"Wangu hana pembe."

Nilikuwa bado na nafasi ya kusema kweli. Nikasema, "Mchwa walikuwa wameshamharibu, Bi, hata hajulikani ni mnyama gani."

"Mchwa wamekula pua. Pua ikiliwa, pembe huota?" Akanigeukia na yale macho yake yasiyoniona. "Mrisho, tangu nna miaka minne napitisha mkono hapa kila asubuhi. Bibi yangu ndiye alinshika kidole akanfundisha. Samaki, kasa, nguruwe. Leo nguruwe wangu kenda wapi?"

Kanzu ikaanza kunibana. Nikamwambia kweli, lakini nikaipaka asali: kwamba nilidhani ng'ombe ni wa heshima zaidi, kwamba niliona ni kumpandisha daraja.

"Baba yako aliitwa nani?"

"Ramadhani, Bi."

"Nkikuandikia kibao cha kaburi lake nikaweka Suleimani, maana Suleimani alikuwa mfalme, utanshukuru?"

Akaniambia kaa chini, nikakaa sakafuni kama mtoto wa chuo cha Kurani. Akanihadithia kwamba zamani jitu moja liliiba dunia nzima, likaizamisha chini ya bahari, ikakaa huko topeni. Miungu wote walisimama juu wakitazama. "Vishnu angeweza kwenda kwa sura ya mfalme. Angeweza kwenda kwa sura ya huyu ng'ombe wako mzuri. Ng'ombe angesimama pwani akalia moo! Yeye kachagua mnyama asiyeona haya kuingia topeni. Kaingia, kanusa, kaitafuta, kaipata, kaipandisha juu ya meno yake. Hapo ulipokaa weye, umekaa juu ya kazi ya huyo unayemwonea haya."

Kisha akasema, polepole, na hilo ndilo lililonichoma: "Kama dini yako haikupi ruhusa, ungenambia siwezi. Ningekuheshimu, ningetafuta mwengine. Lakini umekwenda kunbadilishia kimyakimya, ukajua sintoona."

Sikukumbuka hata kuaga vizuri. Nilitoka na mlango kwapani, wanakarakana wananiuliza, "Fundi, vipi, miungu imekataliwa?" Nikapita. Na pale kichochoroni, Dada, nilikukumbuka wewe.

Weka kandambili chini, sikufananishi na nguruwe. Sikiliza kwanza nilichokufanyia.

Nilipotaka kumposa Zuhura, mama yake aliniuliza kwetu ni nani. Nikasema mama alikufa zamani, nimelelewa na dada. "Na dada anafanya kazi gani?" Nikakuona, Dada, umeinama na ndoo na ufagio kwenye vyoo vya stendi, kanga umeifunga kiunoni, ile kazi iliyoninunulia viatu vya shule na seti yangu ya kwanza ya patasi. Nikafungua mdomo nikasema, "Nesi."

Nesi! Tangu siku hiyo mpaka leo, mtoto amezaliwa, amekua, anaolewa, wewe hapa Kikwajuni ni nesi. Sasa umejua kwa nini wifi yako kila akikupigia simu lazima akuulize habari ya goti la mama yake. Wewe kwa wema wako ukamwambia amkande kwa mafuta ya mawese, hapa ikapokelewa kama amri ya hospitali. Mama mkwe huyapaka kwa saa.

Na unajua huku harusi haiendi bila shangazi. Wewe ndiye utakayekaa na Rehema ndani, wewe ndiye utakayeulizwa na kina mama wa upande wa pili. Nikaingiwa na hofu. Nikakuandikia barua, si hii, nyingine, kabla ya habari ya Bi Hansa. Ilikuwa na maneno haya: "Dada, ukifika, mtu akikuuliza kazi sema umestaafu hospitali, na tafadhali usikae sana na mama mkwe." Ilikuwa imeshatiwa gundi, naibeba mfukoni. Ndiyo iliyokuwa mfukoni mwa kanzu nilipokuwa nimekaa sakafuni kwa Bi Hansa.

Niliichana, na vipande nikavitia kwenye jiko la kuchemshia gundi.

Kesho yake nilirudi kwa Bi Hansa, safari hii na nguo za kazi. Nikamwambia, "Bi, nisamehe. Nguruwe siwezi kumchonga, mkono unakataa. Lakini nimekuja na anayeweza." Nilikuwa na Beno, mwenzangu wa karakana, Mkristo, mtu wa Songea, ambaye alikuwa amecheka tangu nilipomweleza mpaka tulipofika mlangoni. Bi Hansa akamshika Beno mikono, akaipapasa vidole, akasema, "Huyu ana mikono ya fundi. Mwache achonge. Na weye usikae bure, utanchongea dunia."

Basi tukachonga mlango mpya, watu wawili benchi moja. Beno alininyanyasa wiki nzima: "Mrisho, sogea, mkubwa anamchonga mkubwa mwenzake." Nguruwe wake alitoka mzuri, siwezi kusema uongo tena, shingo nene, miguu imekita, meno yameelekea juu. Na juu ya meno nikaiweka dunia, kijiduara ukubwa wa ndimu. Bi Hansa alipopapasa alifika sanamu ya tatu, akatulia hapo. Hakusema salama. Aliita tu jina la bibi yake.

Ng'ombe yule wa kwanza yuko juu ya benchi langu. Beno anasema nimtundike ukutani nyumbani. Nimekataa. Anakaa pale anitazame.

Ijumaa tulipokuwa tunakula, mama mkwe akalalamika kiuno, akasema, "Si neno, nesi wetu yu njiani." Nikaweka tonge chini. Nikasema, "Mama, dada yangu si nesi. Hakuwa nesi hata siku moja. Alikuwa akisafisha vyoo vya stendi Kigoma, na kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha mezani kwenu."

Zuhura hakunitazama. Akauliza, "Na yale mafuta ya mawese?"

"Ni ya kwetu tu, hukandia watu wote."

Mama mkwe akajinyoosha goti, akalikunja, akalinyoosha. "Goti si limepona?"

"Limepona, Mama."

"Basi huyo nesi. Weye ndiye sijui ni nani."

Watu walicheka, mimi nikacheka nao, lakini Zuhura hakucheka. Baadaye, anakosha vyombo, akaniambia, "Sikukasirikia vyoo. Nimekasirika kuwa miaka yote hii nasema na wifi yangu kumbe simjui. Umenficha mtu wangu." Siku mbili amenisemesha kwa ndiyo na siyo. Ana haki. Amesema siku ya kukupokea bandarini atakwenda yeye peke yake, mimi nibaki nikae na ng'ombe wangu.

Limebaki moja, Dada, na hili sikumwambia yeyote, hata Bi Hansa.

Siku ile unanisindikiza stesheni ulitoka kazini moja kwa moja. Kanga zilikuwa zimelowa pindo, mikono inanuka dawa ya kusafishia. Nilikuwa nimeshapanda, nimekaa dirishani, na wewe umesimama chini umenishikia kile kifurushi cha mihogo. Abiria wa pembeni yangu, mtu wa suti, akaniuliza, "Huyo ni nani wako?" Nikamjibu, "Jirani."

Ulikuwa karibu. Dirisha lilikuwa wazi. Ukanipa kifurushi, ukacheka kile kicheko chako, ukaniambia nisiwape watu wote mihogo, nijibakizie. Mpaka leo sijui kama ulisikia. Kila nikisikia unacheka kwenye simu najiuliza. Sikuombi uniambie hukusikia. Ukija, unaponiona tu, kabla hatujaingia ndani, niambie kweli yoyote ile. Nitasimama niipokee.

Na njoo na kanga zako zile zile. Wakikuuliza kazi, waambie.

Nisalimie Sudi, mwambie mjomba wake anauliza habari za bati. Nisalimie mjomba mwenye ng'ombe, umwambie wa kwake ni wazuri kuliko wangu. Nisalimie Bibi Sakina, aliyekuwa akikushikia zamu ukiugua, umbusu mikono kwa niaba yangu, maana yeye naye nilimpita siku ile bila kumuaga. Rehema anasema shangazi asisahau mawese, chupa mbili, ya bibi yake na ya Bi Hansa, aliyesikia habari zake na goti lake nalo limeanza kuuma ghafla.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja, si jirani,

Mrisho