Sauti ya Kaka Yako Imehamia Diski Mpya

Nyumbani,
Chumba cha mbele, kwenye cherehani.
Jumapili mchana.

Mpendwa Wifi yangu,

Pokea salamu zangu zikiwa bado za moto. Goti lako linaendeleaje? Bado linakusumbua ukipanda ngazi za ofisini, au limekubali yaishe? Na Mama je, analala vizuri? Anakula? Sisi huku hatujambo. Binti yetu anarefuka kwa kasi, kila nikimaliza kumshonea sketi nakuta imeshakuwa fupi. Mimi nipo, nazidi kuzoea. Kuna asubuhi bado natenga vikombe viwili vya chai, kisha najicheka na kunywa vyote.

Leo nina habari ya ile laptopu ya kaka yako. Usishtuke, mwisho wake ni mzuri.

Unakumbuka alivyokuwa akifundisha kwaya. Wanakwaya walikuwa hawashiki sauti zao, basi akaamua kujirekodi mwenyewe, sauti zote nne, pamoja na ile ya kwanza ya wanawake. Mwanaume mzima na ndevu zake, anabana pua na kupanda juu mpaka majirani wanafungua madirisha. Tangu atutoke, nikawa naweka laptopu pembeni ya cherehani, nashona huku ananiimbia. Hata kukunja pindo za suruali za sare, kazi ninayoichukia kuliko zote, nikawa siichoki.

Mwezi uliopita ikaanza kulia tik, tik, tik. Nikadhani ni mjusi kwenye droo. Nikatoa droo zote, nikapata vifungo vya miaka mingi, mjusi sikumwona. Baadaye nyimbo zikaanza kukatika katikati, na Alhamisi kioo kikawa cheusi, na maneno meupe ambayo sikuyaelewa. Wifi, niliibonyeza tena na tena. Sauti yake haikuwepo mahali pengine popote. Kwenye simu nimebaki na picha zake tu, na picha hazisemi.

Nikaifunga kwenye shuka, nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta. Tunamwita Miwani, maana anazo mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na kila ukifika unamkuta anatafuta ya tatu. Akaweka sikio juu yake kama daktari.

"Mama, hii ilikuwa inasafiri kwenye lori?"

"Haijawahi kutoka nyumbani."

"Basi ilikuwa inakaa wapi?"

"Juu ya meza ya cherehani."

"Na cherehani ikiwa inashona?"

"Sasa cherehani ifanye nini kingine, mwanangu?"

Alicheka mpaka ile miwani ya kichwani ikamshukia puani. Akanieleza kwamba ndani ya diski kuna sahani inayozunguka, na kisindano kinachoisoma kwa karibu sana bila kuigusa. Nikishona, meza inatetemeka, na kisindano kinagonga sahani. Mimi mtu wa sindano nikaelewa mara moja. Kumbe nilivyokuwa nikimsikiliza ndivyo nilivyokuwa nikimkwaruza.

Akasema nisiiwashe tena. Atajaribu kwanza kuhamisha vilivyomo, ndipo afunge diski mpya. Hakuniahidi chochote, na nilimheshimu kwa hilo.

Akaniwekea mbili mezani nichague. Moja ni ya kuzunguka kama ya zamani, inabeba vitu vingi sana. Nyingine wanaiita SSD, nyembamba kama kipande cha sabuni kinachokaribia kwisha. Inabeba kidogo kwa bei ileile, ila ndani yake hakuna kinachozunguka. Miwani akasema nikikubali kuhamishia laptopu kabatini, ile kubwa itanifaa zaidi.

"Nikiiweka kabatini, nitashona na nani?" nikamuuliza.

Akarudisha ile kubwa kwenye boksi lake.

Kuhamisha kukachukua muda. Nikakaa kwenye benchi na nesi mmoja aliyeleta simu iliyoingia maji. Mstari wa kijani kwenye kioo, wa kuonyesha vilivyokwisha kuhamia, ulikuwa unasogea, unasimama, unasogea. Kila ukisimama na mimi nasimama, mpaka nesi akanivuta gauni nikae. Mwishowe Miwani akabonyeza wimbo mmoja kujaribu. Kaka yako akakohoa, akasema, "Sauti ya kwanza, wapenzi, msikurupuke!" kisha akapanda juu kama paka aliyekanyagwa mkia. Duka zima likacheka.

"Jamani, nani huyu?" akauliza nesi.

"Mume wangu."

"Ana sauti huyo!"

"Alikuwa nayo," nikasema.

Miwani hakugeuka, macho yalikuwa kwenye kioo. "Bado anayo, mama. Imehama yote."

Hapo ndipo nikalia, Wifi, lakini kilio cha raha. Picha nyingi za mishono ya wateja zimepotea. Zipotee tu, nitashona mingine.

Jambo moja sikulitegemea. Laptopu ilikuwa inachelewa kuwaka. Nilikuwa naibonyeza, nabandika chai, natunga uzi, ndipo aanze kuimba. Kumbe muda ule nilikuwa najiandaa. Diski hii haingoji mtu. Jana nimebonyeza, na kabla sijakaa alikuwa tayari chumbani, anakohoa. Niliruka, kisha nikacheka peke yangu mpaka binti akaja kuuliza kulikoni.

Ndani ya bahasha hii utakuta flashi. Nimeishonea kifuko kwa kitambaa cha shati lake la bluu. Nyimbo zote zimo. Mama hajasikia sauti ya mwanawe tangu msiba, nami najua kompyuta yako ni ya haraka. Kwa hiyo usiwe na papara. Kaa naye karibu, mshike mkono kwanza, ndipo ubonyeze.

Nisalimie Shemeji na kitambi chake, na mapacha wote wawili, yule mtulivu na yule mwingine. Mungu awatunze mlalapo na muamkapo, na hilo goti alikumbuke.

Wako akupendaye siku zote,

Wifi yako wa cherehani