Uwanda Mweupe wa Garsen

Garsen,
Februari 1957

Kwa dada yangu mpenzi Tuneya,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kipini, wewe na shemeji na watoto, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mto umeshuka, na siku zinakwenda polepole kama usingizi wa mchana.

Uliniuliza habari za mguu wa mume wangu. Uledi anatembea kwa fimbo, lakini goti halikunjiki. Tangu alipoanguka na pikipiki malishoni akimkwepa ndama, mengi yamepita. Waorma walikasirika kwamba yeye na wenzake, Hared wa duka na Mwalimu Gershom, wanatimua ng'ombe wao kwa michezo yao ya pikipiki. Wakulima nao wakalalamikia mpunga uliolazwa. Bwana D.O., yule afisa wa serikali, akasema atapiga marufuku pikipiki zote nje ya barabara.

Basi wale watatu wakazunguka kwa wafugaji na kwa wakulima, Uledi akichechemea, wakiomba radhi na kuomba mahali pa kuendeshea. Barazani watu walibishana sana, mpaka akasimama Mzee Godhana, mwenye yule ndama. Alisema kijana huyu alikubali avunjike mguu kuliko kumgonga mnyama wake, na mtu wa namna hiyo hanyimwi pa kuchezea. Akataja ule uwanda mweupe nyuma ya kijiji, wa chumvi, usioota hata jani. Sharti lake, ng'ombe wakipita kwenda mtoni, injini zizimwe. Bwana D.O. akakubali, na mipaka ikawekwa kwa matawi ya miiba.

Sasa dada, nikwambie jambo ambalo hata mama halijui. Uledi hawezi tena kupanda. Alikuwa akikaa tu kuitazama pikipiki yake, hata asubuhi moja akaniambia nipande mimi, yeye anielekeze. Nilidhani anatania. Siku hizi alfajiri, baada ya swala, ninaendesha mimi. Nafunga leso vizuri, ukungu unanifungukia, chini kweupe, juu kweupe, nami sijui niko wapi kati yake. Nasikia tu Uledi akicheka kwa mbali.

Jana Mzee Godhana alitokea na ng'ombe wake. Nilizima injini nikainamisha kichwa. Alinitazama, akapita na ng'ombe wake. Alipofika mbali kidogo akageuka, akasema wamekwisha pita wote, naweza kuendelea.

Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Nisalimie shemeji, na watoto wote uwakumbatie kwa niaba yangu.

Ni mimi nduguyo,
Halima