Mayhew au Brandvold, Kabla ya Saa Sita

Jumatatu, 28 Novemba

Duka limefungwa. Vinyozi hatufanyi kazi Jumatatu, na hata ningefungua nani angekuja? Wanaume wote wa Erie wako msituni wamevaa rangi ya chungwa, wanamngoja kulungu. Supu ya bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, siku ya nne. Nikila tena nitaota manyoya.

Tumefungwa tena jana, mimi na mdogo wangu. Kwa pointi mbili! Acha niandike nilione kwa macho. Tuko mkiani mwa ligi yetu, sawasawa na mwenzetu Pfeiffer, na Jumapili tunacheza na huyo huyo Pfeiffer. Atakayeshindwa ni wa mwisho. Sisi mwaka jana tulikuwa wa mwisho. Na sheria ya Mzee Elwood, mwenye ligi, haijabadilika tangu 1989: mkia miaka miwili mfululizo, unakitoa kiti chako kwa mwingine.

Kiti chenyewe ni cha chuma, cha kukunja, kiko chini kwenye ghala la nyumba ya Elwood pamoja na vingine kumi na kimoja. Mgongoni kimeandikwa CASIMIR, jina la Baba, kwa rangi nyeupe. Baba alikikalia misimu thelathini na miwili. Sisi wanawe tumekikalia miwili, na tayari kinaondoka.

Watu wazima kumi na wawili! Tunagawana kwenye karatasi wachezaji wa kweli wa mpira wa Kimarekani, pointi wanazopata uwanjani zinakuwa zetu, kisha tunanuniana kwa sababu ya pointi za watu ambao hawajui kama tumezaliwa. Najua. Hata hivyo sikulala vizuri.

Nafasi zote zimejaa isipokuwa moja, ile ya mwisho, ambayo unaweza kumweka yeyote. Mayhew, mdakaji. Au Brandvold, mbebaji. Mayhew hukimbia mbali pembeni akingoja mpira urushwe. Brandvold hupewa mpira mkononi, akajitosa katikati ya majitu. Mayhew anacheza Cleveland, kando ya ziwa hili hili, na wanasema upepo utakuwa mkali. Brandvold anacheza ndani, kwenye uwanja wenye paa, lakini kifundo cha mguu kinamuuma.

Mdogo wangu Gerard amepiga simu kabla sijamaliza supu. Mayhew, dada, usijiumize kichwa.

Sawa. Gerard ndiye mwenye hesabu.

Jumanne, 29 Novemba

Mvua ya barafu. Wateja wanne tu.

Mpira huu nimejifunza kwa visogo. Baba alinipa fagio nikiwa na miaka tisa, makasi nikiwa na kumi na saba, na hapo katikati hakuna aliyenieleza lolote. Nilisikiliza. Mwanamume akikaa kwenye kiti cha kinyozi anadhani nyuma yake hakuna mtu. Anaongea na kioo.

Nimewauliza wote wanne. Wawili Mayhew. Mmoja Brandvold. Wa nne alikuwa padri, akasema atawaombea wote wawili. Huyo hana msaada.

Baba alikuwa na msemo wake. Mdakaji ni yule mchumba anayeahidi kukupigia simu; mbebaji ni yule anayekuja na koleo theluji ikianguka. Kisha Jumapili anawaweka wadakaji! Aliishi kwa matumaini, yule mzee.

Nimefikiria kumpigia Elwood leo leo nimalize. Bado. Elwood hataki kusikia habari za simu za mkononi. Timu unaitaja kwa mdomo wako kwenye simu yake ya mezani, mashine inarekodi, majina tisa, kabla ya saa sita mchana Jumapili. Baba alipofariki tuligombana mimi na Gerard nani awe anapiga. Elwood akaamua: kiti ni chenu wote wawili, na sauti itakayokuwa ya mwisho kwenye mashine ndiyo nitakayoihesabu. Akajipongeza wiki nzima. Sulemani wa Mtaa wa Cherry.

Haijawahi kuleta taabu. Tunakubaliana, mimi napiga. Gerard hajapiga hata mara moja.

Jumatano, 30 Novemba

Nimemkata mteja sikio.

Niandike kwa utaratibu. Saa nne asubuhi ameingia mgeni, jina lake Royce, ametoka Ohio majuzi tu, amevaa kofia ya kiwanda anachofanyia kazi Gerard. Hajui mimi ni nani. Nimemfunga shuka, nimemgeuzia kioo. Akaanza. Kiwandani wana ligi yao ya karatasi. Wapi? Kiwandani. Tangu lini? Miaka mitatu sasa, mama, mimi ndiyo nimeingia mwaka huu.

Miaka mitatu! Sijawahi kusikia.

"Mnaongozwa na nani?" nikamuuliza, nikiendelea kuchana.

"Kuna jamaa mmoja mrefu, anaitwa Gerard. Mama, yule si mtu, ni kalkuleta! Namba moja tangu Septemba. Hashikiki."

Namba moja. Mdogo wangu, ambaye mimi na yeye tuko mkiani.

Nikauliza polepole, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: wikiendi hii jamaa yenu anamweka nani, Mayhew au Brandvold? Maana kumbe huko kwao anao wote wawili, Royce amenitajia.

"Brandvold! Kamweka tangu jana. Anasema atakayemweka Mayhew kwenye ule upepo wa ziwani akapimwe akili."

Hapo ndipo sikio. Kidogo tu. Nimempaka dawa, sikumtoza, ameondoka akinishukuru. Watu wa Ohio wana adabu.

Mchana kutwa nimekuwa wakili wa Gerard kichwani mwangu. Labda amebadili mawazo. Labda atanipigia. Halafu nikakumbuka wiki iliyopita ni nani aliyesema tumwache Brandvold nje. Pointi mbili.

Saa kumi amenitumia ujumbe: Mayhew, dada. Niamini.

Niamini! Mkweli halihitaji neno hilo.

Alhamisi, 1 Desemba

Nimefunga duka mapema nikapeleka pierogi, zile sambusa za Kipoland za viazi, kwa Mzee Elwood. Mgane yule hakatai pierogi, na mtu mwenye mdomo uliojaa hafichi vizuri.

Mashine iko jikoni, juu ya kabati, kando ya kibaniko cha mkate. Ya mwaka ule ule 1989. Nimenyoosha mkono kuifuta vumbi — akaruka! "Usiguse, Bernie! Mtu akiwa anaongea, ukiinua mkono wa simu tu, mashine inajizima. Na sauti iliyokatika siihesabu. Nilimpoteza hivyo mlinzi wa goli mwaka tisini na nne." Hakuna mlinzi wa goli katika mpira huu. Alimaanisha mpigaji wa mateke. Nimemwacha.

Nikamuuliza: sisi tukianguka, kiti cha Baba kinakwenda kwa nani?

Akaacha kutafuna. Akatazama friji. Nami nikatazama friji.

Orodha ya wanaongoja kiti imebandikwa pale kwa sumaku ya samaki. Majina matano. La kwanza, kwa mwandiko wa Elwood: GERARD. Peke yake. Tarehe 12 Januari.

Januari. Wiki ya kwanza baada ya msimu uliopita. Kwa hiyo msimu huu wote, kila Jumapili, kila "usijiumize kichwa, dada" — alikuwa anatuangusha. Sisi tuanguke wawili, yeye ainuke mmoja.

"Alinikataza nisikwambie," amesema Elwood.

"Na hujaniambia."

"Sijakwambia. Hakunikataza kubandika kwenye friji."

Nimeuliza kwa nini. Elwood amechukua muda mrefu na pierogi ile moja. Kisha akasema, "Gerard alisema hivi, mwanangu: dada alipata duka, alipata makasi, alipata Baba kila siku ya Mungu tangu asubuhi. Mimi nilipata Jumapili tu, na hiyo nayo nagawana."

Nimerudi na bakuli tupu. Sikumbuki nilipita barabara gani.

Ijumaa, 2 Desemba

Duka! Mabomba yanayoganda kila Januari. Magoti yangu. Mapafu ya Baba, miezi kumi na minne, nani alikuwa anamshika akikohoa kati ya mteja na mteja? Gerard alikuja Jumapili na donati.

Alikuja kila Jumapili, lakini. Hilo niliandike pia. Hakukosa hata moja.

Nimempigia kumjaribu. Nikasema naona moyo unaniambia Brandvold. "Dada! Mguu wa Brandvold umevimba kama mkate! Unataka kutupotezea kiti cha Baba?"

Cha Baba. Amelitamka bila kukwama.

Damu nzito kuliko maji, wanasema. Hawakuipima.

Jumamosi, 3 Desemba

Gerard amekuja kunyolewa. Kama kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Ningeweza kusema duka limejaa, lakini lilikuwa tupu na lina dirisha kubwa.

Nimemfunga shuka. Nimemlaza kichwa mbele. Wembe wa Baba — kwa wengine natumia mashine, kwa Gerard wembe. Mtu hudanganya kwa uso, ana mazoezi. Kisogo hakijapata shule. Nimekijua kisogo hicho tangu kina nywele laini kama za kifaranga.

"Kwa hiyo kesho Mayhew," akasema.

"Upepo je?"

"Upepo! Watangazaji wanapenda kutisha watu. Upepo utatulia, utaona."

"Mm. Wiki hii nilinyoa mtu wa kiwandani kwenu. Royce. Mtu mwenye maneno."

Akajirekebisha shuka. Lakini kisogo! Kilianza chini, kwenye kola, kikapanda chekundu hadi nyuma ya masikio, kama kipimajoto. Nimesimama na wembe nikikitazama. Nikahesabu hadi kumi. Kisha nikaendelea, taratibu, kuzunguka sikio. Sikumkata. Niliona fahari kwa hilo, ajabu.

"Royce ana maneno mengi," akasema mwishowe, kwa kioo.

"Na friji ya Mzee Elwood nayo ina maneno mengi."

Redio ilikuwa inatangaza matairi.

Nilitaka aseme kitu. Chochote! Aseme nisamehe, aseme nikome, aseme duka nilipewa mimi. Ningemjibu hata tusi. Amesimama, amejipangusa mwenyewe, ametazama kiti cha Baba — cha duka, si kile cha Elwood — kama mtu anayetazama basi lililomwacha. Mlangoni amesema, "Hujawahi kuniuliza, dada. Hata mara moja. Kama ningependa kufagia."

Akaondoka. Kofia amesahau.

Alikuwa na miaka minne mimi nilipopewa fagio! Ningemuuliza nini?

Baadaye alikuwa na kumi na minne. Nalo hilo nimelifikiria.

Jumapili, 4 Desemba

Saa tatu asubuhi. Upepo unalia tangu alfajiri. Bendera ya posta imesimama kama ubao. Mayhew hatadaka hata mafua leo. Brandvold ameruhusiwa kucheza. Imekwisha. Royce alisema kweli, Gerard alijua kweli, mimi nilikuwa mjinga.

Saa tano na dakika ishirini. Nimepiga. Mashine imepokea. Nimetaja majina tisa, la mwisho Brandvold.

Saa tano na nusu nimewaza: Gerard anaweza kupiga baada yangu. Sauti ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Nimechukua koti, daftari hili na pierogi zilizobaki.

Saa sita kasorobo, jikoni kwa Elwood. Hakushangaa. Amenivutia kiti, amewasha kahawa. Simu inalia, mashine inapokea, tunasikiliza watu wakitaja majina kama wanasoma tanzia. Pfeiffer amepiga akiwa na mdomo wenye chakula.

Kasoro dakika kumi. Elwood amesema, tazama. Nimetazama dirishani. Moshi wa bomba la jirani unapanda wima. Wima kabisa! Bendera imelala. Redio inasema ziwa lote limetulia hadi Cleveland, jambo la ajabu kwa Desemba, na Brandvold anachechemea kwenye mazoezi.

Hata upepo umenisaliti.

Kwa hiyo sasa Mayhew ndiye sahihi. Uongo wa Gerard umegeuka ukweli bila yeye kuugusa. Nibadilishe? Nifuate neno la mtu aliyetaka nianguke? Nimetoa simu yangu ya mkononi mara mbili, nimeirudisha mara mbili. Nikitaja Mayhew nimemwamini. Nikimbakiza Brandvold nimeshinda mabishano na nimepoteza kiti.

Kasoro dakika tatu. Simu inalia.

Mashine imepokea. Ni yeye. Mara ya kwanza katika misimu miwili.

"Mzee Elwood, ni Gerard. Timu ya Casimir." Anataja. La kwanza, la pili. Polepole, kama anayesoma kaburini. Laini ni moja. Akiwa anaongea mimi siwezi kupiga. Elwood ananitazama, anatazama mkono wa simu, ananitazama tena. Nikiuinua tu, mashine inajizima, sauti yake haihesabiwi, yangu, ya Brandvold, inabaki.

"Mimi natazama kahawa," anasema Elwood, na ananipa kisogo. Chekundu hadi masikioni, mzee wa watu.

Majina saba. Manane. La tisa —

Nasikia anapumua tu. Kwake kuna redio ile ile, matangazo yale yale, kwa hiyo ameshajua habari za upepo, na ameshajua habari za mguu. Anajua yupi atakayetuokoa na yupi atakayempa kiti peke yake.

"Bernie," inasema mashine. "Najua uko hapo."

Kasoro dakika moja. Hajataja jina. Mkono wangu wa kushoto uko juu ya simu. Wa kulia unaandika haya: bado sijaiinua.