Nilitafuta Pete Ndani ya Supu

Jumapili, mvua tangu asubuhi.

Sikwenda kanisani. Mvua inapiga dirisha la chumba changu hapa mtaani Point, nami nimejifunika blanketi nikijifanya naumwa. Kwa kweli naumwa, ila si ugonjwa wa kumeza dawa.

Juzi Ijumaa Fiston, mchumba wangu, alinipeleka kula kwenye mgahawa wa Kijapani kule Umhlanga, ule wa wenye nazo. Pale huchagui chakula. Mpishi anakuletea anachotaka yeye, sahani moja moja, jioni nzima. Fiston aliniambia nivae vizuri, ana neno. Baada ya miaka minne ya uchumba, mtu akikwambia hivyo, wewe ungefikiria nini? Wenzangu wa saluni walinisuka na kunipaka rangi ya kucha. Mmoja alishaanza kuchagua kitambaa cha sare ya harusi.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta pete.

Supu ikaja kwenye kibakuli chenye kifuniko. Nikafunua taratibu, nikachungulia. Uyoga. Kikaja kipande cha samaki kama kidole gumba, kimelazwa juu ya jani. Nikainua jani, hamna kitu, nikalitafuna lenyewe, kumbe ni pambo. Fiston hakucheka. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini wapi! Niliendelea kutafuna polepole nisije nikameza pete ya watu.

Alilisema neno lake tulipoletewa samaki wa kuchoma, kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani.

"Neema, famille ilishapeleka mahari kwa binti mumoja wa kwetu Uvira. Mama ndiye alichagula. Nilishindwa kukatala."

Alishindwa! Mtu anayegombana na mabosi wake kiwandani Mobeni kila wiki, kwa mama yake alishindwa.

Nikaelewa kwa nini alinileta pale. Watu wananong'ona, hata vijiti vya kulia havigongi sahani. Alichagua mahali ambapo nisingeweza kupiga kelele. Nami, mjinga, sikupiga. Niliuma kitambaa cha mikono. Akasema "pardon, pardon", akainuka, akaondoka.

Chakula kikaendelea kuja. Sahani mbili mbili, moja kwangu, moja mbele ya kiti kitupu.

Aliyetuhudumia ni msichana wa Kizulu, mpole, na tangu tuingie alikuwa akiniita "sisi", yaani dada kwa lugha yao. Mji mzima huniita hivyo. Mimi na Fiston tulikuwa na utani wetu juu ya neno hilo: nikiitwa "sisi" barabarani, tunaitika wote wawili kwa pamoja, kwa sababu kwa Kiswahili "sisi" haiwezi kuwa mtu mmoja. Wazulu wa watu walikuwa wanatushangaa.

Basi yule dada alileta bakuli mbili za wali, akaniona, akainama kunipa pole.

"Eish, sisi."

Nikageuka kukiangalia kile kiti, tuitike.

Hapo nililia kwa sauti, kilio cha msibani, mpaka meza zote zikanigeukia. Sijuti. Kama alidhani pale hapaliliwi, alikosea.

Nampenda bado, siwezi kudanganya humu daftarini. Lakini kesho nafungua saluni, na mteja wa kwanza ataingia akikung'uta mwavuli, aniite sisi.

Itabidi niitike peke yangu.