Siku Nilipomlilia Kaka Yangu Malishoni

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Hapa Segese tupo, ila mvua imetunyima na mama yako bado anakohoa.

Unaniuliza mbona tangu umzike mumeo hujalia. Kaka yangu alipofukiwa na kifusi kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, nami sikulia. Nyumba ilijaa wafariji, kila mmoja na maneno yake. Mama akaniambia, “Peleka ng'ombe malishoni, ukae huko.”

Nikakaa nyasini. Hakuna aliyenisemesha, nilisikia ng'ombe wakitafuna tu. Ghafla nikajikuta nasubiri kumsikia kaka akiwaita, kama alivyozoea. Nikalia mpaka jua likashuka.

Huzuni haikuisha, hata leo ipo. Lakini jioni ile, niliporudi nyumbani, niliweza kulitaja jina lake.

Bibi yako anayekuwaza